Mtu wa Thelathini na Tisa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kukutabiria mvua. Shemeji naye anaendeleaje na macho? Mwambie yale matone aliandikiwa asubuhi na jioni, si kila anapokumbuka. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu na anakushukuru kwa mto uliomdarizia. Ameuweka kwenye kiti ambacho sasa hakuna anayeruhusiwa kukikalia, kwa hiyo ujue umeheshimiwa.

Nimekaa kimya miezi miwili, na kila ulipopiga simu nilikujibu kwa mkato kama mtu wa mapokezi hospitalini. Nimesikia ulimwambia mke wangu kwamba ninazeeka vibaya. Huenda. Ila kimya changu kina sababu, nami nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza sentensi ya tatu, na ninazotaka uzisikie ziko mbele zaidi ya hapo. Tafadhali soma hadi mwisho ndipo ukasirike.

Nilikuambia kuhusu kamati ya familia za askari waliozama na meli wakati wa vita. Wanajenga ukuta wa majina. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, na bado anazungumza kana kwamba sote tumechelewa darasani. Aliniomba nihakiki majina kabla hayajachongwa, akasema mtu aliyefanya kazi ya gazeti miaka arobaini hawezi kushindwa na orodha. Nilikubali papo hapo. Babu yetu alikuwa ndani ya meli hiyo, ningekataaje?

Fundi wa mawe keshakata mabamba, kila kikosi na bamba lake. Alinionya nimletee majina yote kwa mara moja, kwa maana jina likiongezwa baadaye litakaa chini kabisa peke yake, kama mgeni aliyefika harusini viti vikikunjwa.

Kazi yenyewe nimeifanyia kwenye chumba cha nyaraka. Kiko chini ya ardhi, kina meza moja, taa inayovuma kama nyuki, na dirisha lililo juu kiasi kwamba unaona miguu ya wapita njia tu. Mtunza nyaraka ni mama wa makamo mwenye koti jeupe. Siku ya kwanza alinikabidhi glavu, penseli na onyo: kalamu ya wino ikionekana mezani, mimi na kalamu tutatoka pamoja. Nilipomuuliza kama humo ndani kuna panya, alisema wapo, lakini hawali faili bila kusaini.

Sasa niruhusu nirudie habari unayoijua kuliko mimi, maana nataka tuitazame upya. Babu alikuwa karani wa kikosi. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya watu wake walipopanda meli. Meli ilipozama, Bibi alipokea telegramu ya kwanza, inayosema mumewe amekufa. Akalia, watu wakaja, wakakaa, wakaondoka. Baada ya wiki tatu ikaja ya pili: kosa limetokea, mumeo yu hai, yuko hospitali ya bandari nyingine. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Marehemu. Mtu alibisha hodi, akauliza, "Marehemu yupo?" na Bibi akajibu kutoka jikoni, "Yupo, anaoga." Wageni wote walioingia sebuleni walionyeshwa telegramu mbili kwenye fremu, ya kifo kushoto, ya uhai kulia. Na Babu kila mara alimaliza kwa maneno yaleyale: jeshi lililoshindwa kuhesabu viazi lingewezaje kuhesabu watu?

Kumbuka pia alivyokuwa akitupeleka mtoni kutufundisha kuogelea. Hatukuvuka lango kabla hajaandika majina yetu kwenye kipande cha karatasi, na aliyechelewa alisubiriwa hata jua liwe kali namna gani. Wewe ulikuwa ukijichelewesha makusudi ili uone kama kweli atasubiri. Alisubiri, na sisi wengine tulikutukana kimoyomoyo.

Basi. Wiki yangu ya tatu, akaja mama mmoja kwenye ofisi ya kamati. Ni fundi cherehani, ana miaka themanini na miwili, mgongo umepinda kwa kuinamia mashine lakini sauti haijapinda. Alikuja kumwulizia baba yake, seremala, askari wa kikosi kilekile cha Babu. Mwenyekiti akapekua, asimwone kwenye orodha ya meli. Akamwona kwenye kitabu kingine, mstari mmoja: hakuripoti bandarini, mtoro. Akamweleza kwa adabu kwamba ukuta ni wa waliokufa, si wa waliokimbia.

Yule mama akamwambia asijisumbue kumfafanulia neno hilo, amelijua tangu kabla mwenyekiti hajazaliwa. Shuleni, mwalimu akisoma majina, watoto wa nyuma walimjibia: "Katoroka kama baba yake!" Mama yake mzazi aliamini kwamba mumewe aliona mwanamke mwingine mjini bandarini akaamua kubaki naye. Alikufa akiwa bado amemnunia. Mwenyekiti akauliza, kwa upole sasa, jina kwenye jiwe litamsaidia nini leo. Akajibiwa kwamba linatakiwa ili yeye aende kaburini kwa mama yake akamwambie aache kununa.

Mwenyekiti alishikilia kwamba orodha ni orodha, aletewe karatasi. Yule mama akanigeukia mimi, mzee wa miaka sitini na minne, akaniita mwanangu. Akasema, wewe si ndiye unayelipwa chai kwa kutafuta, basi tafuta. Nikamuuliza kama baba yake alikuwa na alama yoyote. Alisema msumeno ulimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kabla yeye hajazaliwa, na mama yake, enzi za furaha, alikuwa akimtania kwamba mume wake anahesabu mpaka tisa tu.

Meli ilipigwa saa moja asubuhi, siku ya pili ya safari, ikazama kwa dakika kumi na moja. Meli mbili zilikuja kuokoa, kila moja ikapeleka watu bandari yake, ndiyo maana hesabu ziligongana. Daktari wa mojawapo aliandika daftari la maiti waliookotwa. Mtunza nyaraka aliniletea daftari hilo siku ya Jumanne. Mstari wa sita unasema hivi: mwanamume, umri kama miaka thelathini, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakipo, jeraha la zamani lililopona. Jaketi la kujiokolea namba 114. Amezikwa bandarini, safu ya pili, kaburi la tisa.

Dada, namba hiyo sikuhitaji kuiandika popote. Wewe na mimi tumeisoma kila siku mezani tangu tukiwa tunajifunza kusoma. Ipo kwenye telegramu ya kushoto: AMETAMBULIWA KWA JAKETI NAMBA 114.

Mtunza nyaraka akaniuliza kama nimeona mzimu. Nikamwambia hapana, nimeona ukuta wa sebuleni kwetu. Akanisogezea glasi ya maji na kuniambia nisiinywee juu ya faili.

Ilimchukua siku tisa kupata lililofuata, kwa kuwa lilikuwa limewekwa pamoja na hati za vifaa vya jikoni. Ni faili jembamba la uchunguzi. Jeshi halikuwa zembe kama Babu alivyotuambia. Lilijiuliza swali ambalo familia yetu haikujiuliza kamwe: kama karani yu hai, aliyekutwa ndani ya jaketi la karani ni nani?

Ukurasa wa kwanza ni wa mpishi wa kikosi, aliyenusurika. Alieleza kwamba siku ya kuondoka yeye ndiye aliyemchelewesha seremala, alipomwomba abaki gatini apigilie misumari masanduku ya sufuria. Seremala aliporudi mbio, orodha ilikuwa imeshasainiwa na kurudishwa nchi kavu, jina lake limekatwa. Karani alikuwa amesimama juu ya ngazi. Mpishi alimsikia akisema, "Panda bwana, kesho nitakuandika." Majaketi yaligawiwa kwa orodha, na asiyekuwa kwenye orodha hakupata. Kesho yake meli ikapigwa kabla karani hajashika kalamu. Mpishi alimwona akifungua kamba za jaketi lake na kumfunga nalo seremala, huku akimfokea asimame sawa, kwa sababu yule bwana alikuwa akitetemeka na hakujua kuogelea. Pembeni ofisa ameandika: shahidi ana homa, maneno yake yasizingatiwe.

Ukurasa wa pili ni wa Babu. Mwandiko ni uleule wa vile vikaratasi vya mtoni. Aliulizwa jaketi lake lilifikaje kwenye mwili wa mtu mwingine. Akajibu kwamba alilivua ili anawe uso, na aliyelichukua hamjui. Akaulizwa kama melini kulikuwa na mtu nje ya orodha. Akaandika, "Watu wangu walikuwa thelathini na nane." Akatia sahihi. Faili likafungwa, maiti ya kaburi la tisa ikawa ya askari asiyejulikana, na seremala akabaki mtoro.

Nikuandikie ninachojua na nisichojua. Najua kwamba kumpandisha mtu bila kumwandika, wakati wa vita, kulikuwa kosa la kufungwa. Najua Babu alikuwa na mke na watoto watatu. Najua alikuwa hodari wa kuogelea, kwa hiyo tusimfanye malaika: alitoa jaketi kwa mtu aliyelihitaji kuliko yeye. Lakini alikaa majini saa tano bila kitu, na hilo nalo tusilipunguze. Nisichojua ni kwa nini alinyamaza vita ilipokwisha, wakati hapakuwa na mtu wa kumfunga. Woga wa siku ile naweza kuuelewa. Ule wa miaka iliyofuata sijui niuite nini.

Nilimpelekea habari fundi cherehani nyumbani kwake. Ni chumba kimoja, mashine iko dirishani, na nguo za wateja zimetundikwa kwenye kamba hata unapoingia ni lazima usukume magauni kama mapazia. Nilimsomea kurasa zote mbili bila kuruka, na nikamwambia karani huyo ni babu yangu. Alisikiliza akiwa anatunga uzi kwenye sindano. Ulimshinda mara tatu, nikaichukua nikamtungia.

Akasema, "Kwa hiyo babu yako alimpa baba yangu jaketi, akamnyima jina." Nikasema ndiyo. Aliendelea kushona kidogo. Kisha akasema mama yake alikaa miaka hamsini akimwonea wivu mwanamke wa bandarini, kumbe mwanamke mwenyewe ni sanduku la sufuria. Akacheka mpaka akavua miwani kuipangusa. Alipoivaa tena akaniuliza swali moja tu: huyu babu yako, katika umri wake wote, hakuwahi kumwambia mtu? Nikamwambia hakuwahi.

Hapo nilimdanganya, Dada. Na hicho ndicho kilichonifunga mdomo miezi hii, si lile faili.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wangu wa kwanza gazetini, niliandika makala kuhusu ile meli. Mnayo nyumbani, iko ndani ya droo ya kabati la vyombo. Watu wanadhani mimi ndiye niliyemfuata Babu. Si kweli. Babu ndiye aliyeniita. Yeye aliyemkatalia kila mwandishi alinitumia ujumbe kwamba nije na daftari, nije peke yangu. Tulikaa kibarazani. Alianza kwa taratibu, akitaja gati, ngazi, hali ya bahari, kisha akasema, "Tulikuwa thelathini na tisa."

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na nakala ya orodha ya jeshi ndani ya mkoba, na nilijivunia nayo kama mtoto mwenye viatu vipya. Nikamsahihisha. Nikamwambia, "Thelathini na nane, Babu, orodha hii hapa." Akaichukua, akaitazama kwa muda, akaniuliza orodha hiyo iliandikwa na nani. Nikadhani ananitania. Nikacheka, nikajibu, "Si wewe mwenyewe, Babu!" Akanirudishia karatasi. Akasema, "Basi orodha inajua." Akaomba fimbo yake, akaingia ndani, nami nikafunga daftari nikifikiri mzee amechoka.

Nikaandika thelathini na nane. Zaidi ya hayo, nilimsimulia mhariri kama kichekesho, jinsi karani alivyosahau orodha yake mwenyewe, na chumba kizima cha habari kikacheka. Makala ilipotoka nilimpelekea Babu. Akaisoma yote, akasema nimeandika vizuri. Aliishi miaka sita baada ya hapo na hakuligusa tena jambo hilo.

Daftari ninalo. Lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, pamoja na mengine ya mwaka ule. Nimeandika kwa penseli: "39", na kando yake, kwenye mabano, "mzee amekosea, ni 38." Maisha yangu yote nimewaambia waandishi wanaoanza kwamba mtu na karatasi wakipingana, usimsahihishe mtu, muulize. Wanadhani nilifundishwa na mhariri. Babu aliyenibandika jina la Bwana Maswali nikiwa na miaka sita, kwa kuwa nilimuuliza kwa nini mto hauishi maji, siku hiyo alihitaji swali moja tu kutoka kwangu. Wa thelathini na tisa ni nani? Sikuuliza.

Jumamosi nitarudi kwa fundi cherehani na daftari hilo, nimwonyeshe, na nimwambie kwamba Babu alijaribu, na aliyemzuia ni mimi. Nimetaka wewe usikie kwanza, kwa sababu Babu ni wako pia, na kwa sababu nina ombi.

Kamati inakutana Ijumaa ya wiki ijayo, na fundi wa mawe anaanza kuchonga Jumatatu yake. Mwenyekiti amekubali daftari la daktari na alama ya kidole. Lakini anauliza, na anauliza sawasawa, jaketi namba 114 lilikuwa la nani? Kitabu cha kugawia majaketi kilizama na meli, na nakala iliyobaki bandarini, ile iliyotumiwa kuandika telegramu, haionekani tena. Faili la uchunguzi linasema "jaketi lake" bila namba. Karatasi pekee duniani inayomfunga Babu na namba hiyo, na hivyo kuyafanya maneno ya mpishi yawe zaidi ya maneno ya mtu mwenye homa, iko sebuleni kwako, kushoto. Picha yake haitoshi. Wanaitaka yenyewe, yenye muhuri.

Najua ninachokuomba. Wewe ndiye uliyebaki kwenye nyumba ile, wewe ndiye unayeifuta fremu vumbi. Wajukuu zako hukusimulia wewe habari za Marehemu kama vile hukuwahi kuzisikia, na baada ya Ijumaa hazitachekesha vilevile. Ukikataa, sitakuja na bisibisi. Nitapeleka daftari langu na ukurasa wa mpishi, mwenyekiti atasema havitoshi, na mimi katika kiti chake ningesema hivyohivyo.

Ukikubali, toa ile ya kushoto tu. Ya kulia iache palepale, ilisema kweli. Hata ya kushoto haikukosea sana. Mtu alikufa kweli ndani ya jaketi lile, ila alikuwa na jina lingine. Iweke katikati ya kadibodi mbili, umpe mwanao mkubwa akija huku kikazi Jumatano. Msumari usiung'oe, karatasi itarudi.

Leo asubuhi nilipita kwa fundi wa mawe. Bamba la kikosi cha Babu lina mistari thelathini na mmoja, kwa ajili ya waliokufa thelathini na mmoja. Nilimweleza habari yote, akasikiliza akiwa anakung'uta vumbi kwenye nyusi. Kisha akachukua rula, akapima upya, akasogeza mistari yote kidogo ili upatikane mmoja zaidi, si chini kabisa, bali katikati, mahali herufi ya seremala inapoangukia. Ameichora kwa penseli. Alisema nisiwe na wasiwasi, penseli inafutika.

Msalimie sana shemeji, na umkumbushe matone. Wajukuu wape mikono yangu, na yule mdogo mwambie swali lake kuhusu nyangumi nimelipokea na bado nalifanyia kazi. Mke wangu anasema akipata nafasi atakuletea nyuzi za kijani ulizokosa huko. Ukiisha kusoma, nipigie, hata kama ni kwa kunigombeza. Safari hii nitasikiliza hadi mwisho.

Mimi mdogo wako,
Bwana Maswali